Ubora wa Usanifu wa Kozi za Mtandaoni za Halaiki katika Maneno ya Wanafunzi: Tatizo la Kisemantiki kwa Kurejelea Sumbawanga na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kupima mtazamo wa wanafunzi kuhusu ubora wa usanifu wa kozi za mtandaoni zenye wanafunzi wengi. Hoja yake kuu ni kwamba madodoso yaliyoundwa kwa Kiingereza, yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, hubadilisha kile kinachopimwa. Maneno kama *usanifu*, *ubunifu*, *ubora*, *mtandao*, *kukubali* na *kukataa* yana uga wa maana usiolingana na ule wa maneno yaliyotafsiriwa. Aidha, sarufi ya Kiswahili humruhusu msemaji kueleza kasoro bila kumtaja mtenda, na kwa hiyo kasoro nyingi za usanifu huonekana kama kasoro za vifaa. Mifano inahusishwa na hali ya Mkoa wa Rukwa, hususan mafunzo ya walimu kazini na elimu ya juu ya masafa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu namna ya kuunda dodoso lenye kufaa.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni, vyuo na taasisi za elimu za Tanzania zimehamishia sehemu kubwa ya ufundishaji wake katika mifumo ya kielektroniki. Pamoja na mabadiliko hayo umekuja utaratibu wa kuwauliza wanafunzi wanaionaje kozi waliyosoma. Majibu yao hugeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu hugeuzwa kuwa wastani, na wastani huo hutumiwa kuamua kozi ipi iendelee, ipi irekebishwe na ipi iachwe. Ni dhahiri, basi, kwamba maneno yaliyomo katika dodoso si jambo dogo. Iwapo mwanafunzi wa Namanyere ameelewa swali kwa maana moja na mtafiti wa Dar es Salaam amelisoma jibu kwa maana nyingine, wastani utakaopatikana hautakuwa na thamani, hata kama umekokotolewa kwa uangalifu mkubwa.

Wataalamu wa elimu wameshughulikia suala hili kwa mapana yake. Wanaisimu wa Kiswahili hawajalitilia maanani kiasi cha kutosha, ingawa kiini chake ni cha kiisimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kiini hicho. Hayatoi matokeo ya uchunguzi wa takwimu. Yanachambua maneno na miundo ambayo kila msemaji wa Kiswahili anaitambua, na kuuliza ni nini hutokea maneno hayo yanapopewa kazi ya kupima.

Eneo la Ufipa limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambalo umbali una maana halisi. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na mkoa wenyewe umegawanyika kimaumbile: uwanda wa juu uko katikati, Ziwa Tanganyika liko magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa liko mashariki chini ya ukuta mrefu wa milima. Mwalimu aliyeko Laela, aliyeko Mtowisa bondeni na aliyeko Kirando ziwani wanaweza kusoma moduli moja katika hali tatu zisizofanana. Pili, Kiswahili cha huko huishi pamoja na Kifipa, Kimambwe, Kilungu na lugha nyinginezo, na kwa hiyo mtafiti hana haki ya kudhani kwamba kila msomaji wa dodoso ataleta uzoefu uleule wa lugha.

2.0 Muktadha wa kihistoria

Kozi za halaiki zinazofundishwa kwa mbali si jambo geni Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio, vijitabu na vikundi vya usikilizaji vilivyoongozwa na watu waliopewa mafunzo maalumu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuhusu elimu ya msingi kwa wote, yalianzishwa mafunzo ya ualimu kwa njia ya masafa, ambayo kuanzia mwaka 1976 yaliandikisha walimu wapatao 45,000. Walimu hao walisoma masomo yaliyochapishwa, walisikiliza vipindi vya redio, walifundisha darasani na walitembelewa na wakufunzi.

Mipango hiyo inatufundisha jambo moja la msingi. Waandaaji wake walijua kwamba si kila nyumba ilikuwa na redio. Hawakusema kwamba kukosekana kwa redio ni tatizo la msikilizaji. Waliunda kikundi ili redio moja itoshe watu wengi, na wakaweka kijitabu ili aliyekosa kipindi asikose somo. Kwa maneno mengine, upungufu wa vifaa uliingizwa ndani ya usanifu wenyewe. Tutaona baadaye kwamba lugha ya tathmini ya siku hizi huwa inautoa upungufu huo nje ya usanifu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Kina vituo mikoani, kikiwamo cha Rukwa kilichopo Sumbawanga, na kimekuwa kikihama kutoka vitabu vya masomo vilivyochapishwa kuelekea mfumo wa Moodle. Kozi zake nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yajulikanayo kama MEWAKA, ambamo walimu husoma moduli katika mfumo wa kielektroniki na kukutana katika jumuiya za kujifunza shuleni na katika klasta. Rukwa ni miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, ambao umeyaunga mkono mafunzo ya aina hiyo. Ikumbukwe pia kwamba Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hivyo ulinganifu wa takwimu za kabla na baada ya mwaka huo unahitaji tahadhari.

Duniani, istilahi ya kozi huria za mtandaoni za halaiki ilianza kutumika mwaka 2008, kuhusiana na kozi iliyoendeshwa na George Siemens na Stephen Downes katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Wanafunzi waliolipa ada walikuwa wapatao 25, na waliojiunga bila malipo walizidi 2,000. Mwaka 2011 kozi ya akili unde ya Sebastian Thrun na Peter Norvig katika Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000. Wingi huo ndio uliozusha swali la ubora kwa nguvu mpya: je, mwalimu mmoja anaweza kuunda kozi inayowafaa watu elfu mia moja ambao hatawaona kamwe?

3.0 Dhana ya ubora wa usanifu

Kabla ya kuchambua maneno, yafaa tubainishe kile ambacho wataalamu wanakusudia. Michael Moore, katika nadharia yake ya umbali wa kiuhusiano, anasema kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa kilomita pekee. Unatokana na uhusiano baina ya mambo matatu: muundo wa kozi, mazungumzo baina ya mwalimu na mwanafunzi, na uhuru wa mwanafunzi. Muundo ukiwa mgumu na mazungumzo yakiwa machache, umbali huongezeka, hata kama mwalimu na mwanafunzi wanakaa mtaa mmoja. Kwa mujibu wa nadharia hii, kozi ya halaiki imo katika hatari ya kuwa na umbali mkubwa, kwa sababu wingi wa wanafunzi hupunguza mazungumzo na hulazimisha muundo usiobadilika.

M. David Merrill, mwaka 2002, alitoa kanuni tano za ufundishaji: somo lijengwe juu ya tatizo halisi, liamshe maarifa aliyonayo mwanafunzi, lionyeshe mfano, limpe nafasi ya kutenda, na limsaidie kuhamishia maarifa katika maisha yake. Mwaka 2015, Margaryan, Bianco na Littlejohn walitumia kanuni hizo pamoja na nyingine kuchunguza kozi 76 za halaiki. Waligundua kwamba nyingi zilikuwa zimepangwa na kuwasilishwa vizuri, lakini zilikuwa dhaifu katika usanifu wa kufundishia. Matokeo hayo yana umuhimu wa pekee kwetu. Yanaonyesha kwamba sura ya kozi na usanifu wake ni vitu viwili, na kwamba kimoja kinaweza kuwa kizuri huku kingine kikiwa kibovu. Swali la kiisimu linafuata papo hapo: je, Kiswahili cha dodoso kinamwezesha mwanafunzi kuvitenganisha vitu hivyo viwili?

4.0 Uchambuzi wa maneno

4.1 *Usanifu*, *ubunifu* na *mpangilio*

Tuchukue sentensi tatu ambazo zinaweza kuwekwa katika dodoso kama tafsiri ya kauli moja ya Kiingereza:

(1) a. Kozi hii ina ubunifu mzuri.
b. Kozi hii ina usanifu mzuri.
c. Kozi hii imepangiliwa vizuri.

Sentensi hizi hazisemi jambo moja. Kitenzi *buni*, kilichozaa *ubunifu*, kinahusu kuzua kitu ambacho hakikuwapo. Ndiyo maana tunasema *hadithi ya kubuni*. Mwanafunzi anayesoma (1a) ataulizwa, kwa hakika, kama kozi ina jambo jipya. Mwalimu wa miaka ishirini kazini, anayefungua moduli kwa mara ya kwanza katika simu yake, ataona upya huo na kukubali, kwa kuwa hajawahi kusoma kwa namna hiyo. Amesifu chombo, bali hajasema lolote kuhusu somo.

*Usanifu* nalo lina uzito wake. Katika fani ya ujenzi, msanifu ni mchoraji wa majengo. Katika fani yetu, *sanifu* limefungamana na *Kiswahili sanifu*, yaani lugha iliyokubaliwa rasmi. Katika mazungumzo ya kawaida, *kumsanifu mtu* ni kumsifu kwa dhihaka. Anayesoma (1b), hasa akiwa mwalimu wa Kiswahili, anaweza kuhukumu kama lugha ya kozi ni sahihi. Sentensi (1c) ndiyo iliyo wazi kuliko zote, lakini inaeleza mfuatano na mpangilio tu. Tukirejea matokeo ya mwaka 2015, hilo ndilo hasa eneo ambalo kozi nyingi zilifanya vizuri. Dodoso litakalotumia (1c) peke yake litatoa alama za juu kwa kozi ambayo haifundishi.

4.2 *Ubora*

Nomino *ubora* inatokana na *bora*, ambalo ni neno la ulinganishi kwa asili yake. Tunasema *bora hiki kuliko kile*, na pia *bora twende* tukimaanisha kwamba kwenda kunapendeleka kuliko kubaki. Bora huhitaji kitu cha pili, hata pale kisipotajwa. Mwanafunzi anapoulizwa kuhusu ubora wa kozi, anatafuta cha kulinganisha nacho. Mwalimu wa bondeni ambaye kabla ya moduli hii alikuwa akisubiri semina ya ana kwa ana ambayo haikuwa na hakika ya kufanyika ataona kwamba kozi ni bora, na atakuwa amesema kweli: kupata kitu ni bora kuliko kukosa. Jibu lake linapima historia ya kukosa, si usanifu wa kozi. Ikiwa alama hizo zitalinganishwa na za mwanafunzi wa mjini aliyezoea kozi nyingi, itaonekana kwamba wa bondeni ameridhika zaidi, na huenda mpangaji akahitimisha kwamba huko hakuna la kurekebisha.

4.3 *Mtandao*

Neno *mtandao* limejengwa juu ya kitenzi *tandaa*, lenye dhana ya kitu kilichoenea huku kimeunganika. Leo hii linabeba maana tatu au zaidi kwa wakati mmoja. Hutumika kwa intaneti kwa jumla, kwa huduma ya kampuni ya simu, na kwa mfumo ambamo kozi imewekwa. Tazama sentensi hii:

(2) Mtandao unasumbua.

Sentensi (2) inaweza kumaanisha kwamba mawimbi ya simu ni hafifu kwa kuwa shule iko nyuma ya mlima. Inaweza kumaanisha kwamba mfumo wa kozi umezidiwa na watumiaji. Inaweza pia kumaanisha kwamba somo lina video nzito ambayo kifurushi cha msemaji hakiwezi kuibeba. Maana ya kwanza inamhusu mwenye mnara, ya pili inamhusu msimamizi wa mfumo, na ya tatu inamhusu mwandaaji wa kozi. Neno ni moja. Wahusika ni watatu. Katika ripoti, majibu yote ya namna hii hukusanywa chini ya kichwa kimoja cha *changamoto za mtandao*, na mwandaaji wa kozi huondolewa lawama ambayo pengine ni yake.

Mtu anaweza kupinga hoja hii akisema kwamba mawimbi katika baadhi ya maeneo ya Rukwa ni hafifu kweli, na kwamba mwanafunzi anayesema mtandao unasumbua ana maana ya mtandao. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini kama tulivyoona katika sehemu ya 2.0, hali inayojulikana mapema ni sehemu ya usanifu. Video ya dakika arobaini isiyo na maandishi yake pembeni, katika kozi iliyokusudiwa kusomwa kwa simu Mtowisa, ni kasoro ya usanifu hata kama mnara wa simu ungekuwa wa mtu mwingine. Msemaji wa sentensi (2) ametaja sababu ya karibu. Ni kazi ya mtafiti kuitafuta ya mbali.

4.4 *Kukubali* na *kukataa*

Kipimo alichokianzisha Rensis Likert mwaka 1932 humtaka mjibu aonyeshe kiasi anachokubaliana na kauli fulani. Katika tafsiri za Kiswahili, ncha mbili za kipimo hicho mara nyingi huitwa *nakubali kabisa* na *nakataa kabisa*. Hapa pana mtego. *Kukubali* kwa Kiswahili ni kuafikiana na wazo, lakini pia ni kuridhia na kupokea. *Kukataa* ni kutoafikiana, lakini zaidi ya hapo ni kugoma. Mtoto anayeambiwa akachote maji akasema *nakataa* hajatoa maoni. Ametenda tendo la ukaidi.

Sasa mfikirie mwalimu aliye mtumishi wa umma, anayejaza dodoso kuhusu mafunzo yaliyoletwa na mwajiri wake, katika mfumo aliouingia kwa namba yake mwenyewe. Kuweka alama kwenye *nakataa kabisa* si kutoa maoni tu kwake. Kunakaribia tendo la kugomea mafunzo. Si ajabu, basi, majibu yakirundikana upande wa kukubali. Wako watafiti ambao wangelieleza jambo hilo kwa kutaja adabu ya Mwafrika au tabia ya kabila fulani. Kwa Ufipa, wangeweza hata kurejelea maandishi ya mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kueleza jinsi Wafipa wanavyothamini maelewano. Msimamo wa makala haya ni kwamba hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Kabla ya kulaumu utamaduni wa mjibu, tulichunguze kwanza neno tulilompa. *Sikubaliani na kauli hii* ni maoni. *Nakataa* ni tendo.

5.0 Sarufi ya lawama

Mbali na maneno, miundo ya Kiswahili nayo ina mchango wake. Linganisha:

(3) a. Somo la tatu halifunguki.
b. Somo la tatu halijafunguliwa.
c. Mwandaaji hajalifungua somo la tatu.

Sentensi (3c) inamtaja mtenda. Sentensi (3b), iliyo katika kauli ya kutendwa, haimtaji, lakini inamruhusu: tunaweza kuongeza *na mwandaaji* bila kuvunja sarufi. Sentensi (3a), iliyo katika kauli ya kutendeka, haimtaji wala haimruhusu. Hatusemi *somo halifunguki na mwandaaji*. Katika (3a) kutofunguka kumekuwa sifa ya somo lenyewe, kama vile tunavyosema kwamba mlango haufunguki bila kujali aliyeupigilia misumari.

Maneno ambayo wanafunzi wanayo kwa ajili ya kueleza matatizo ya kozi kwa kiasi kikubwa ni ya kauli hii: *haifunguki*, *haipakuliki*, *halisomeki*, *halieleweki*, *haipatikani*. Si kwamba wanaficha jambo. Sarufi imewapa njia fupi, ya kawaida na yenye heshima ya kueleza kinachowakabili. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mtenda hutoweka. *Somo halieleweki* linaweza kuwa somo lililoandikwa kwa Kiingereza kigumu, lililokosa mfano, lililomdhania msomaji maarifa asiyokuwa nayo, au lililosomwa kwa haraka usiku baada ya kazi. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria hali hii ni nyeti zaidi, maana lugha ya kozi na lugha ya malalamiko huenda zikawa mbili. Asiyeelewa Kiingereza cha moduli anaweza kusema kwa Kiswahili kwamba somo ni gumu, na ugumu huo ukahesabiwa kuwa wa maudhui.

Upande wa pili wa suala hili ni sarufi ya mwandaaji. Börje Holmberg alishikilia kwamba matini ya elimu ya masafa inapaswa kuwa mazungumzo yenye kuongoza. Moduli inayosema *mwanafunzi anatakiwa kusoma sehemu ifuatayo* inazungumza juu ya mtu asiyekuwapo. Inayosema *soma sehemu ifuatayo* inaamuru. Inayosema *sasa usome sehemu ifuatayo, kisha ujaribu zoezi hili darasani kwako* inamkabili msomaji, na kwa hali tegemezi inapunguza ukali wa amri. Tofauti hizi ni za usanifu, maana zinajenga au zinabomoa mazungumzo aliyoyataja Moore. Ni nadra dodoso kuuliza habari zake, kwa sababu dodoso lililotafsiriwa halina njia ya kujua kwamba Kiswahili kina chaguo hizo.

6.0 Ni nani anayejibu?

Kuna tatizo jingine ambalo uchambuzi wa maneno peke yake hauwezi kulitatua, lakini ambalo lugha ya ripoti hulificha. Katika kozi huria za halaiki duniani, ni jambo lililothibitishwa kwamba wanaomaliza kwa kawaida ni wachache, mara nyingi chini ya asilimia 10 ya walioandikishwa. Dodoso likiwekwa mwishoni mwa kozi, hujibiwa na hao waliofika mwisho. Ripoti husema *wanafunzi wameridhika*. Neno *wanafunzi* hapo limepanuka bila haki, kwa kuwa linawataja wote huku likiwakilisha waliobaki.

Aliyeacha kozi katika wiki ya pili kwa sababu zoezi la kwanza lilikuwa na maelekezo yasiyoeleweka ndiye shahidi bora wa kasoro ya zoezi hilo. Ndiye pia asiyeulizwa. Katika mafunzo ya walimu kazini suala lina sura nyingine: mwalimu hawezi kuacha kwa urahisi, lakini anaweza kupitisha kurasa bila kusoma, au kusomewa na mwenzake katika jumuiya. Mfumo utahesabu kwamba amemaliza. Jumuiya ya kujifunza hapo imefanya kazi ileile ya kikundi cha usikilizaji cha mwaka 1973, lakini sifa inakwenda kwa mfumo.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matano yanapendekezwa kwa watakaotunga madodoso ya aina hii.

Kwanza, neno moja lenye kubeba dhana nzima liepukwe. Badala ya kuuliza kuhusu *ubora wa usanifu*, yaulizwe mambo yanayouunda: mfuatano wa mada, uwazi wa maelekezo, mifano, mazoezi, mrejesho wa mwalimu, na uwezekano wa kusoma bila intaneti.

Pili, swali la sifa ligeuzwe kuwa swali la tukio. *Eleza kazi ya mwisho uliyoshindwa kuikamilisha na mahali hasa ulipokwama* ni swali linalojibika bila mwanafunzi kujiona anamhukumu mkubwa wake. Pia linamtoa katika ulinganishi uliomo ndani ya neno *bora*.

Tatu, *mtandao* ligawanywe. Mjibu aulizwe peke yake kuhusu mawimbi ya simu, peke yake kuhusu mfumo wa kozi, na peke yake kuhusu uzito wa faili na gharama za vifurushi. Sentensi kama *mwandaaji ameweka video ndefu mno kwa simu zetu* iwe miongoni mwa kauli za kuchagua, ili mtenda aliyefichwa na kauli ya kutendeka apate pa kutajwa.

Nne, *nakataa* liondolewe na mahali pake pawekwe *sikubaliani*. Aidha, baadhi ya kauli ziandikwe kwa upande wa kasoro, ili anayekubali kila kitu atambulike.

Tano, kila dodoso lijaribiwe kwa njia ya ufafanuzi kabla ya kutumiwa. Mjibu asome swali, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe anaulizwa nini. Jaribio hilo lifanyike kwenye uwanda, bondeni na ziwani, si katika kituo cha mjini tu, na liwahusishe walioacha kozi, hata kama itabidi wapigiwe simu. Tafsiri rejeshi peke yake haitoshi. Mfasiri anayerudisha *ubunifu* katika Kiingereza atapata neno lilelile la mwanzo na kuridhika, ilhali mwalimu wa Matai ameelewa jambo jingine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtazamo wa wanafunzi kuhusu usanifu wa kozi za mtandaoni haupatikani kwa kutafsiri maswali ya wengine. *Ubunifu* huuliza upya, *usanifu* huuliza usahihi, *ubora* huuliza ulinganishi, *mtandao* huchanganya wahusika, na *kukataa* humtaka mjibu agome. Juu ya hayo, kauli ya kutendeka huondoa mtenda, na wakati wa kuuliza huondoa walioshindwa.

Matokeo ya mkanganyiko huu hayabaki katika ripoti. Kasoro inayoitwa ya mtandao hairekebishwi na mwandaaji, na kwa hiyo hurudi katika moduli ifuatayo. Mwalimu wa bonde la Rukwa hubaki na somo lisilofunguka na takwimu inayosema ameridhika. Hapo anayekosa ni mwanafunzi wake wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kuulizwa swali lolote.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Kazi ya kusanifisha istilahi za teknolojia imefanywa kwa bidii na Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na taasisi za uchunguzi wa lugha. Kazi inayosubiri ni ya kuchunguza jinsi istilahi hizo zinavyoeleweka zinapomfikia mtumiaji, na hasa zinapotumiwa kumhoji. Uchunguzi huo hauhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji mtafiti wa shahada ya uzamili mwenye daftari, atakayekubali kuteremka kutoka Sumbawanga hadi bondeni na kumwomba mwalimu amsomee swali, kisha amweleze amelielewaje.